Kiti cha Mbao za Kuazima

Mume wangu Ebenezeri si seremala. Naanza na hilo ili mtu asije akapita hapa kwetu Machame, akaona kile kiti kilichosimama uwanjani, akaja kumwagizia meza. Miaka ishirini na moja alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja mjini Moshi. Kazi yake ilikuwa kujua kila kitu kiko rafu gani, na kumnyima kila asiye na karatasi yenye sahihi. Kiwanda kilipouzwa mwaka tisini na tano watu walipunguzwa, naye akiwamo. Alirudi nyumbani na saa ya ukutani, cheti cha utumishi mwema, na ile tabia yake ya kutokubali kitu kitoke mahali pake bila maandishi. Hata sufuria nikimwazima jirani alitaka kujua itarudi lini.

Naye ni kitinda mimba, kwa hiyo kihamba cha baba yao, yaani nyumba na migomba na kahawa inayoizunguka, kilimwangukia yeye. Na huku kwetu anayerithi kihamba anarithi na mama aliyemo. Huyo mama ndiye Elisifa, mama mkwe wangu, na mimi ndiye niliyekaa naye jiko moja miaka ishirini wakati mtoto wake anahesabu nati mjini. Tuligombana kwa kila kitu. Chumvi yangu ilikuwa nyingi, moto wangu mdogo, ndizi nilimenya kama mtu wa pwani. Akinikuta nimekaa ananiuliza, “Mama Loveness, majani ya ng’ombe siku hizi yanajikata yenyewe?” Nami sikumwachia hata siku moja. Majirani wakisikia kimya kwetu walikuwa wanakuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Krismasi ya mwaka tisini na sita shemeji yangu Tito, kaka yake mkubwa Ebenezeri, alipanda kutoka Dar es Salaam kama wapandavyo wote, gari limeshona mpaka juu. Kati ya aliyoyaleta kulikuwa na viti sita vya plastiki, vyeupe pee. “Mama,” akasema, “vigoda hivi vya enzi ya Mjerumani tupa jikoni viwe kuni. Dar kila nyumba ya maana ina viti hivi.” Mama akafurahi, nisiseme uongo. Hata mimi nilikalia kimoja nikajiona mke wa waziri.

Sasa mwenye akili ajiulize. Kiti chepesi vile, na huku kwetu hupati hatua tatu za tambarare. Uwanja wetu umeinama tangu Mungu alipoumba huu mlima. Tarehe nne Januari, mvua ilikuwa imenyesha, mama akakaa nje kuchambua maharage. Mguu mmoja wa kiti ukateleza, mwingine ukajikunja, na kiti kikamtupa chini upande wa mteremko. Nilikuwa zizini. Nilisikia sinia likigonga mawe kabla sijasikia sauti yake. Nyonga ilivunjika.

Alilazwa wiki saba. Siku ya kumtoa, daktari, kijana mpole tu, alituambia wazi mimi na Ebenezeri. Mfupa umeshika, alisema, lakini bibi huyu akiendelea kulala mapafu yatajaa maji na hamtamaliza naye mwaka. Mkalisheni nje, apigwe na jua, atembee hatua mbili tatu kila siku. Dawa yenyewe ndiyo hiyo.

Basi tukamleta nyumbani, tukamlaza kitandani kwake, na mama hakutoka tena. Kigoda hakuweza, kiko chini mno kwa nyonga ile. Kochi la sebuleni lilimmeza, kuinuka mpaka tuwe watatu. Nikamletea kimojawapo cha vile vyeupe akageukia ukutani. “Nimeanguka mara moja kwa kitu cha dukani,” akasema. “Inatosha.” Ebenezeri akasema atampigia benchi, benchi si kazi. Hapo mama akafumbua jicho moja. “Benchi ni la msibani. Subirini nife ndipo mlipange nje.”

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, vinginevyo hamtaelewa alikuwa anafanya nini mle ndani. Chumba chake hakina dari. Ukilala chali unaona bati na kenchi zinazolibeba, na juu ya kenchi zile, sawasawa na kitanda, zililala mbao nne za mringaringa, pana, ndefu futi sita na nusu kila moja, na vipande viwili vifupi pembeni. Ndizo mbao za sanduku lake. Baba mkwe alifariki mwaka sabini na tisa, katikati ya masika, na mbao kavu hazikupatikana popote, wakamtengenezea sanduku la mbao mbichi. Mpaka siku ya kuzika mfuniko ulikuwa umejipinda, haufungi. Mchungaji anasoma, na watu wanaona shuka pembeni. Mama hakulisahau hilo. Matanga yalipokwisha akaita wapasuaji wawili wakaangusha mringaringa uliokuwa katikati ya kahawa, akasimama juu yao siku nne mpaka wakapasua kama anavyotaka. Akazianika, akazigeuza, akazipandisha kenchini, na tangu hapo kila mwaka alimwita mtu apande kuzifuta vumbi.

Sasa alilala chini yake, macho juu, kutwa. Ukimwuliza unaangalia nini mama, anakujibu, “Vyangu.”

Siku moja kwa haraka zangu nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Nilijua hivyo nilipompelekea. Nikasimama mlangoni nikijiandaa kwa maneno, na maneno yangu nimeshayapanga. Mama akala vijiko viwili, akasukuma bakuli, akasema, “Asante, mwanangu.” Mwanangu! Miaka ishirini hajaniita hivyo. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia mpaka ng’ombe akaacha kutafuna akaniangalia.

Hapo ndipo Ebenezeri alipotangaza kwamba atatengeneza kiti mwenyewe. Kiti cha nje, kizito, cha kukaa kwenye mteremko bila kutikisika, chenye kimo cha mtu mwenye nyonga mbovu. Nilicheka, Mungu anisamehe. “Baba Loveness, wewe hata mpini wa jembe unaita mtu.” Akanijibu, “Stoo nilikuwa natoa misumeno kwa mafundi miaka ishirini na moja. Naijua.” Kuutoa msumeno rafuni na kuutumia ni mambo mawili, lakini mwambie mwingine, si huyo.

Akaangusha mgrivea wa mpakani, vijana wa msumeno wa mashine wakaupasua, na haikupita wiki akawa anapigilia. Fundi Melkior, seremala wa Kwa Sadala, alikuja kumwazima vifaa, akaushika ubao mmoja, akaunusa, akautua. “Mzee, huu bado unakunywa maji. Upe nusu mwaka.”

“Mama hana nusu mwaka,” Ebenezeri akasema, akaendelea na nyundo.

Jua la Machi likaupiga. Siku ya tisa kiti kilikuwa kimeinua mguu mmoja, mgongo umepasuka, kalio limejikunja kama jani la mgomba kavu. Naye badala ya kukificha akakibeba mpaka dirishani kwa mama amwonyeshe alipofikia. Mama akainua kichwa, akakitazama muda mrefu. Akasema polepole, “Baba yako tulimzika kwenye mbao za namna hiyo.”

Siku ile Ebenezeri hakula. Kesho yake asubuhi nikasikia msumeno tena. Alitengeneza cha pili mvua zikiwa zimeanza, akikaushia mbao jikoni kwangu juu ya moshi, macho yananitoka machozi kila nikipika. Nacho kikapasuka. Akaanza cha tatu. Majirani wakaanza kupita pole pole wakisikiliza, na mmoja, jina silitaji kwa sababu tunasali usharika mmoja, akaniambia, “Muache bibi apumzike. Sikio la kufa halisikii dawa.” Nilimsindikiza huyo mpaka barabarani kwa mdomo wangu, na amenisalimia tena mwaka juzi tu.

Lakini usiku ule ule nilimwambia mume wangu nililokuwa nalo moyoni. “Mbao kavu tunazo.”

Hakuuliza zipi. Aliweka kijiko chini. “Usirudie neno hilo.”

Nikarudia, kwani mimi ni nani? Nikamwambia zina miaka kumi na nane kenchini, zimekauka mpaka ukizigonga zinalia, na aliye hai hana pa kukaa kwa sababu tunamtunzia maiti. Akaniambia mtoto anayegusa sanduku la mama yake akiwa hai amemsukuma kaburini, na hata kama mama mwenyewe hatasema, mlima mzima utasema. Akatoka nje kwenye mvua. Mimi nikabaki na hasira, na ndani ya hasira nilijua kwamba hakukosea.

Mama akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, cha chini, cha asubuhi. Sote wawili tulikisikia, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Katikati ya Aprili ikaja barua ya Tito. Macho ya mama yalikuwa hayasomi tena maandishi ya mkono, kwa hiyo barua zote nilimsomea mimi, kwa sauti, haraka haraka, nikiwa na kazi zangu. Huo ndio ubaya wangu, mdomo hutangulia mbele ya macho. Nikasoma salamu, nikasoma habari za biashara, nikasoma ndugu yangu Ebenezeri usimsumbue mama na viti, muache apumzike. Nikaendelea: “Kuhusu sanduku msihangaike na zile mbao za kizamani. Nimeshaongea na jamaa mmoja hapa mjini, ana masanduku ya kisasa, yana kioo mbele na vishikio rangi ya dhahabu. Nimemtajia kimo cha mama. Likizo yangu ni Juni, kwa hiyo nitakuwa na nafasi.”

Ndipo nikasikia nilichosoma. Loo! Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu mama akaniambia, “Rudia hapo pa kimo.”

“Mama, ni maneno tu ya —”

“Rudia!”

Nikarudia. Akajiinua kwa viwiko, peke yake, jambo ambalo miezi mitatu hakulifanya bila sisi. “Amenipima? Tito amenipima? Kiti chake cha dukani kimenivunja, sasa ananiletea na sanduku la dukani, tena lina dirisha, nichungulie nini? Na ati Juni! Nife Juni kwa sababu yeye ana likizo!” Sauti ile ilitoka mpaka barabarani. Kuku walikimbia. Nawaambia ukweli, sijawahi kusikia kwaya ikiimba vizuri kama bibi yule alivyokuwa akifoka. “Muite Ebenezeri!”

Ebenezeri alikuja mbio, vumbi la mbao nywelani, akidhani mwisho umefika.

“Panda juu,” mama akamwambia, “teremsha mbao zangu.”

Mume wangu akanigeukia akidhani ni mimi nimesema. Nikatikisa kichwa. Akasema, “Mama, siwezi. Hizo ni za —”

“Najua ni za nini, nilizipasulisha mwenyewe. Nakuazima. Umesikia nilivyosema? Nakuazima. Utengeneze kiti, nitoke nje, nimwandikie Tito kwamba Juni nina shughuli. Lakini msumeno usiziguse. Na msumari usiingie. Tundu za vigingi nitavumilia, upungufu wa urefu sivumilii. Siku yangu ikifika unang’oa vigingi, zinarudi kazini kwake.”

Mtu mwingine angelia, au angepiga magoti. Ebenezeri alikwenda chumbani akarudi na karatasi na kalamu. Akaandika, naye akisema kwa sauti kama yuko dirishani pa stoo: “Zimetolewa mbao nne ndefu za mringaringa na vipande viwili vifupi, mali ya Elisifa, kwa matumizi ya muda. Zitarudishwa bila kukatwa.” Akatia sahihi. Akampa mama, naye akatia yake, herufi kubwa kubwa zilizopanda kilima. Karatasi akaiweka kwenye Biblia ya mama. Nilitaka kucheka, nikaona nisicheke.

Fundi Melkior alipoambiwa mbao zilikotoka aliacha vifaa uwanjani. “Kekee chukua, patasi chukua,” akasema. “Lakini mbao za sanduku la mtu anayepumua mimi sizishiki. Nina watoto.” Kwa hiyo mwenye kazi akabaki mmoja.

Sasa jaribuni wenyewe kutengeneza kiti kwa mbao za futi sita na nusu ambazo hairuhusiwi kukata hata inchi. Siku mbili Ebenezeri alikaa chini ya upenu wa zizi, mvua inanyesha, mbao zimelala mbele yake, hafanyi kitu. Nikampelekea chai ikapoa. Siku ya tatu akainuka, akaenda mahali ambapo uwanja wetu umekatwa, pale ambapo udongo wa juu unaishia na ukingo unashuka mpaka usawa wa goti. Akasimama chini, akapanda juu, akashuka tena. Akaniita. “Mama Loveness! Miguu ya nyuma ya nini, wakati mlima upo?”

Na ndivyo alivyofanya. Mbao mbili za kukalia alizilaza kutoka ukingoni kuja mbele. Nyuma zikakaa juu ya udongo wenyewe, futi nne nzima za mkia, na mawe mawili makubwa juu yake. Mbele akazisimamisha kwenye miguu miwili minene ya mibuni iliyokufa kwa ugonjwa, mti mgumu mpaka patasi inaruka. Kiti kile hata ng’ombe akikisukuma hakiendi popote, kwa sababu nusu yake ni kilima. Usawa alipima kwa chupa ya soda yenye maji nusu. Mbao mbili nyingine alizisimamisha ziwe mgongo, akazishikiza kwa nguzo za mibuni, na vile vipande vifupi vikawa pa kuegemeza mikono. Vigingi alichonga kwa kisu, mia moja na zaidi, nusu yake vikivunjika. Alijikata kidole, akajikata kingine, akanizuia kumsaidia.

Na mama dirishani! Alianza kutaka mto wa pili ili aone. Halafu akataka dirisha liwe wazi hata mvua ikinyesha. “Ebenezeri, hiyo kekee imelala, isimamishe!” “Hicho kigingi ni kinene, utaupasua!” “Nani amekufundisha kushika randa, mbuzi?” Mwana akijibu, “Ndiyo mama,” na kuendelea. Wiki nne. Kikohozi kilikuwepo bado, lakini kilikuwa kikimkatiza maneno, na hicho kwangu kilikuwa kikohozi cha aina nyingine.

Jumapili ya mwisho ya Mei mvua ilikatika, tukamtoa. Hatua nane kutoka mlangoni. Mkono mmoja kwangu, mmoja kwenye fimbo, Ebenezeri akitembea nyuma nyuma mbele yake kama anayemwita mtoto. Watu waliotoka ibada ya kwanza walisimama barabarani wakachungulia juu ya ua. Kiti chenyewe kilikuwa kichekesho, nisifiche. Mgongo umepanda futi sita na nusu juu ya kalio, kama mlango usio na nyumba. Mmoja akauliza kama tumeanzisha usharika, maana anaona mimbari. Mama hakuwajali. Akakigonga kwa fimbo, akakisukuma kwa mkono, akageuka, akakaa.

Mbele yake migomba iliteremka mpaka macho yanakoishia, na chini kabisa tambarare ya Moshi imeanza kukauka. Mama akavuta pumzi, akanigeukia. “Mama Loveness, ule mchuzi wa siku ile, wa chumvi. Ulitaka kuniua?”

“Wewe ndiye uliyesema asante,” nikamjibu, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Kila siku akatoka. Hatua nane zikawa kumi na tano, zikafika jikoni, na amani yangu ikaisha. Tito alikuja Juni, akamkuta mama yake amekaa, akasalimiwa kwa fimbo ya goti. Habari za masanduku ya dukani hazikutajwa.

Lakini jambo moja lilinikera. Kila akiinuka kurudi ndani mama alizunguka kiti, akapapasa ncha za mbao moja moja. “Hakuna aliyekata?” “Hakuna, mama.” Na akilala mchana macho yalirudi kule kule juu, kwenye kenchi tupu. Amekalia vyake, bado anavisubiri. Nilimwambia Ebenezeri, huyu amekuja kutembea tu huku nje. Akanijibu kwamba alichoandika ameandika.

Julai ikaingia, na baridi yetu mnaijua. Ukungu unashuka asubuhi, jua likichomoza saa sita ni la kugombania. Na mwezi ule jua halipiti tena utosini, linapita upande wa mlimani, nyuma ya mgongo wa anayetazama bondeni. Siku moja nilitoka na bakuli la uji nikamkuta mama amejikunyata, blanketi mbili, anatetemeka, wakati uwanja mzima unang’aa na kuku wamejilaza kifudifudi wanaota jua. Yeye alikuwa ndani ya kivuli. Mbao mbili za mgongo zilikuwa zimemziba jua lote, na kiti hakigeuziki, kimefungwa na mlima.

Nikamwita Ebenezeri. Akaangalia juu, akaangalia kivuli, akapiga hesabu zake. “Si neno, mama. Nitang’oa vigingi, mbao hizi mbili nizirudishe kenchini, nikutafutie nyingine fupi. Mgrivea sasa umekauka.”

Mama alinyoosha mkono nje ya kivuli, akauacha juani, akaugeuza kama anauoka.

“Zikirudi kule juu,” akasema, “nitaanza tena kuziangalia.”

Ebenezeri alikuwa ameshashika kigingi cha kwanza.

“Lete msumeno. Kata hapa.” Akaonyesha kwa fimbo, usawa wa masikio yake.

“Mama, ni futi nne zinatoka. Hazitafaa tena kwa —”

“Nimesema kata, nasikia baridi!”

Ebenezeri alileta msumeno. Akauweka begani. Akasimama pale, mtu mzima wa miaka hamsini, hasogei. Nikadhani anaogopa laana. Kumbe yule ni mtunza stoo mpaka kaburini. Akasema kwa sauti ndogo, “Karatasi inasema bila kukatwa.”

Mama akamtazama. Nikaona mdomo wake unacheza. “Mama Loveness, niletee Biblia.”

Nikaileta, karatasi ikatolewa. Akamwambia aandike chini. “Niandike nini?” akauliza. Mama akasema, “Andika: hazirudi.”

“Na siku yako ikifika?”

“Ikifika mnajua wenyewe. Tito si ana jamaa yake? Mwambieni lile lenye dirisha.” Akatia sahihi, ile ile ya kupanda kilima, akarudisha kalamu.

Ebenezeri akapanda juu ya mkia wa kiti, akaanza kukata, polepole, analia bila kujificha, unga wa mringaringa ukimwangukia mama kwenye kitambaa cha kichwa. Mama akamwambia ashike msumeno wima. Ubao wa kwanza ulipoanguka jua likamfika nusu ya uso. Wa pili ulipoanguka likamfika lote, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka uji ukapoa.

Vile vipande nilitaka kuviweka, pengine vitafaa rafu. Mama akakataa. Akaniambia mringaringa mkavu una moto mzuri, tena niache uvivu, nibandike kiburu cha ndizi na maharage, maharage yalikuwa yamelowekwa tangu jana. Nikavipasua kwa shoka nikapikia. Alikula bakuli mbili, akasema chumvi imezidi.